Tiba ya kisaikolojia kwa njia ya intaneti: utafiti unathibitisha nini hasa?

Mnasihi wa Chuo

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni mnasihi katika chuo kimoja cha kati huku Nyanda za Juu Kusini. Wanafunzi wetu ni zaidi ya 1,400 na wanasihi tuko wawili, tena mwenzangu ana vipindi vya kufundisha karibu kila siku. Muhula uliopita tulifika mahali pa kumwambia mwanafunzi aliyekuja akilia arudi baada ya siku tisa, kwa sababu daftari la miadi lilikuwa limejaa, na jambo hilo limenikaa moyoni mpaka leo.

Wiki mbili zilizopita uongozi wa chuo ulimpokea wakala wa kampuni inayouza programu ya simu ya kutibu sonona na wasiwasi uliopitiliza. Alieleza kwamba mwanafunzi atapakua programu, atajibu dodoso, atapewa masomo na mazoezi ya kila siku, na atakuwa na "rafiki" wa kidijitali wa kuzungumza naye saa yoyote, hata usiku wa manane. Karatasi aliyotuachia inasema kuwa tafiti nyingi zimethibitisha kwamba tiba ya intaneti ni sawa na tiba ya kukaa na mtaalamu ana kwa ana. Mkuu wa chuo ameniomba maoni ya kurasa mbili kabla ya kikao cha bodi, na mjumbe mmoja ameshauliza kama nafasi ya mnasihi wa pili itahitajika tena programu hiyo ikinunuliwa.

Ninaomba wenye ujuzi mnisaidie. Je, kauli hiyo ya "sawa na ana kwa ana" ni ya kweli, na kama ni ya kweli, ni kwa watu gani na katika mpango wa namna gani? Je, kuna ushahidi wowote uliopatikana kwa vijana wa huku kwetu? Niongeze kwamba masomo yote ya programu hiyo ni ya Kiingereza.

Mtafiti wa Afya ya Jamii

Ndugu Mnasihi, kauli hiyo ina msingi wa kweli, lakini imenukuliwa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayokuhusu wewe na mwenzako.

Chanzo chake kikubwa ni Sweden. Gerhard Andersson wa Chuo Kikuu cha Linköping, Per Carlbring na wenzao walianza kazi hii mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2005 walichapisha jaribio la watu 117 wenye sonona ya wastani na ya chini yake. Washiriki walisoma sura za tiba ya fikra na mwenendo (CBT), inayomfundisha mtu kutambua na kubadili mawazo na tabia zinazomuumiza, kupitia tovuti, wakafanya mazoezi, wakayatuma, na mtaalamu akawajibu kwa barua pepe. Walipata nafuu kubwa kuliko wale waliopewa kikundi cha majadiliano peke yake. Mwaka 2018 Carlbring na wenzake walikusanya tafiti 20 zenye washiriki 1,418, zilizolinganisha moja kwa moja tiba ya intaneti na tiba ya ana kwa ana, na hawakuona tofauti ya maana kati ya hizo mbili. Bila shaka huo ndio utafiti ambao karatasi ya wakala inauegemea.

Sasa tazama ni tiba gani iliyolinganishwa. Ilikuwa ni tiba yenye msimamizi: kila mshiriki alikuwa na mtu anayemfahamu kwa jina, anayesoma alichoandika, anayemjibu kila wiki na kumuuliza amekwama wapi. Katika mipango mingi ya aina hii mtaalamu hutumia kama dakika 10 hadi 15 kwa mtu mmoja kwa wiki, badala ya saa nzima, na hapo ndipo penye faida kwa chuo chenye wanasihi wawili. Muda unapungua sana, lakini haufiki sifuri. Aidha, washiriki walichujwa kabla ya kuingizwa, na wengi wao walijitokeza wenyewe wakiwa na ari ya kusoma na kuandika juu ya hali zao, sifa ambayo hatuwezi kudhani kuwa kila mwanafunzi anayo.

Ukitaka kuona kinachotokea msimamizi anapoondolewa, tazama jaribio la Uingereza liitwalo REEACT, lililoongozwa na Simon Gilbody na kuchapishwa mwaka 2015. Wagonjwa 691 wa sonona walihudumiwa na madaktari wao wa kawaida, na baadhi yao wakaongezewa programu ya Beating the Blues au ile ya MoodGYM iliyotungwa Australia. Waliopiga simu kwao kila wiki walishughulikia hasa matatizo ya kiufundi na kuwahimiza waendelee. Hawakuwa wakitoa tiba. Baada ya miezi minne waliopewa programu hawakuwa na nafuu zaidi ya wale waliobaki na daktari tu, na waliofika mwisho wa masomo walikuwa chini ya mmoja katika kila watano. Miaka miwili baadaye timu hiyohiyo ilichapisha jaribio la pili, lenye watu 369, ambamo MoodGYM ilitolewa pamoja na msaada wa simu wa kutosha, na safari hii walioongezewa msaada walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa msaada kidogo. Programu ilikuwa ileile.

Ni lazima nikuambie pia upande unaopunguza nguvu ya hoja yangu. Mwaka 2021 Eirini Karyotaki na wenzake walichambua takwimu za mtu mmojammoja kutoka majaribio 39 yenye washiriki 9,751. Tofauti kati ya tiba yenye msimamizi na isiyo na msimamizi, kwa wastani, haikufika hata pointi moja katika PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona lenye pointi 27, na ilififia baada ya miezi sita. Kwa mtu mwenye dalili hafifu, kusoma peke yake kulitosha karibu sawa na kusaidiwa. Kwa wenye sonona ya kati na kali, ndipo msimamizi alipoonekana kuwa na umuhimu. Kwa hiyo usiiambie bodi kwamba programu isiyo na mtu haina kazi hata kidogo. Inaweza kumfaa yule mwenye mzigo mwepesi, na ikamwacha pembeni yule unayemwogopea zaidi.

Kuhusu huyo "rafiki" wa kidijitali, wazo lake ni la zamani, kwa maana Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitunga programu ya mazungumzo iitwayo ELIZA mwaka 1966. Katika zama zetu utafiti uliotajwa sana ni ule wa programu ya mazungumzo iitwayo Woebot, wa mwaka 2017, uliokuwa na vijana 70 na ulidumu wiki mbili tu. Katikati ya mwaka 2025 programu hiyo ilifungwa kwa watumiaji wake. Muulize wakala kitatokea nini kwa mwanafunzi siku kampuni yake ikifunga milango.

Jambo la mwisho: ukipewa takwimu, uliza kundi la ulinganisho lilikuwa lipi. Mahali pengi programu hulinganishwa na watu walioandikwa katika orodha ya kusubiri, na mtu anayejua kuwa anasubiri zamu huenda asijishughulishe kutafuta nafuu kwa njia nyingine, hivyo programu ikaonekana bora kuliko ilivyo.

Muuguzi wa Kilifi

Hujambo ndugu Mnasihi. Mtafiti amesema mengi niliyotaka kusema, kwa hiyo nitashika lile la vijana wa huku na la lugha.

Ushahidi upo, ingawa ni mchanga. Hapa Kenya, Tom Osborn na wenzake wa shirika la Shamiri walifanya jaribio na wanafunzi 103 wa shule ya upili, matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Kila mwanafunzi alipitia kikao kimoja tu kwa kompyuta. Wengine walisoma juu ya uwezo wa mtu kukua na kubadilika, shukrani na maadili wanayoyathamini, na wengine wakasoma mbinu za kujisomea, ili pande zote mbili ziwe na kazi ya kufanya. Baada ya wiki mbili, dalili za mfadhaiko zilikuwa zimepungua zaidi kwa kundi la kwanza. Wiki mbili ni muda mfupi, na 103 ni watu wachache, lakini ni vijana wanaofanana na wako. Jaribio lao kubwa zaidi, la wanafunzi 413, lililochapishwa mwaka 2021, halikutumia kompyuta: liliwatumia vijana waliomaliza shule karibuni, wakafunzwa na kusimamia vikundi kwa wiki nne, na matokeo yake yalikuwa mazuri. Ninalitaja kwa sababu linakuonyesha ni nani anayeweza kuwa msimamizi. Si lazima awe na shahada ya saikolojia.

Shirika la Afya Duniani lilifuata mtazamo huohuo nchini Lebanon, kwa Walebanoni na kwa wakimbizi wa Syria, katika mpango wake wa Step-by-Step. Mtu husoma hadithi yenye picha, vikao vitano, na msaidizi asiye mtaalamu, aliyefunzwa na anayesimamiwa, huwasiliana naye hadi dakika 15 kwa wiki. Hadithi hizo ziliandikwa upya pamoja na watu wa hapo kabla ya jaribio kuanza.

Hilo la kuandika upya ndilo linalonigusa. Katika zahanati yetu tulipata karatasi ya mazoezi ya tiba ya fikra na mwenendo, tukaitafsiri neno kwa neno. Ilisema: "Andika mawazo yako, kisha uyahoji." Akina mama waliandika karo ya shule, deni la duka, mume aliyeondoka, mama mkwe mgonjwa. Tulidhani hawakuelewa zoezi. Walielewa vizuri kabisa, kwa maana mtu wa hapa akisema "nina mawazo", anazungumzia mizigo yenyewe. Hazungumzii sentensi zinazopita kichwani. Mama mmoja aliniuliza kwa upole, "Nikiyahoji, nani atanijibu?" Tuliibadilisha karatasi ikawa: "Ni maneno gani unayojiambia moyoni unapolala?" Tangu hapo zoezi likaanza kutoa tulichokitaka: "mimi ni mzigo kwa watoto", "nimelaaniwa", "hakuna atakayenisaidia". Mashine haingetambua kosa letu. Ingeandika kwamba zoezi limekamilika na kumpeleka mama katika somo la pili.

Kwa hiyo programu ya Kiingereza, hata kwa wanafunzi wa chuo wanaofanya mitihani yao kwa Kiingereza, ningeiogopa. Mtu hujiuma na kujilaumu kwa lugha aliyolelewa nayo. Kwa upande wa vipimo una bahati, kwani dodoso la PHQ-9 limeshafanyiwa uhakiki kwa Kiswahili, Tanzania na hapa kwetu, na unaweza kulitumia bila kununua chochote.

Mama wa Mwanza

Mimi si mtaalamu. Ninaandika kwa sababu nimepita njia hiyo baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili, nilipokuwa nikilia bila sababu na sina hamu hata ya kumbeba mtoto.

Ndugu yangu aliniwekea programu ya bure katika simu. Niliitumia siku nne. Siku ya tano ilinitumia ujumbe ulioonekana juu ya kioo, "Je, bado una huzuni leo?", simu ikiwa mkononi mwa wifi yangu, na nyumba nzima ikajua. Niliifuta jioni hiyohiyo. Kilichonisaidia ni muuguzi mmoja wa kliniki ya mtoto aliyeomba namba yangu na kunipigia kila Alhamisi saa nne asubuhi, dakika chache tu, akiniuliza nimetoka nje mara ngapi na nimekula nini. Baadaye alinitumia sauti fupi za WhatsApp zenye mazoezi. Nilizisikiliza zote, kwa sababu nilijua Alhamisi ataniuliza.

Mnasihi, wanafunzi wako wengi bila shaka wanalala watu sita chumba kimoja na wanaazimana simu. Tafadhali lifikirie hilo.

Mtafiti wa Afya ya Jamii

Dada, ahsante kwa kutueleza. Ulichokipitia kimepimwa kwa idadi. Mwaka 2019 Amit Baumel na wenzake walifuatilia matumizi halisi ya programu 93 za afya ya akili katika simu, wakakuta kwamba baada ya siku 15, katika programu ya wastani, waliobaki wakiifungua walikuwa asilimia 3.9. Kwa watu 1,400, Mnasihi, asilimia hiyo ni kama wanafunzi 55.

Wakili wa Dodoma

Nitajibu jambo ambalo halikuulizwa, kwa kuwa chuo ndicho kitakachobeba lawama.

Taarifa za afya ya mtu zinahesabiwa kuwa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kuzisafirisha nje ya nchi kuna masharti yake. Mwambieni wakala aeleze kwa maandishi seva ziko nchi gani, nani anaweza kusoma maneno ya mwanafunzi, na kama kampuni imesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Akisema tu kwamba "kila kitu kimefungwa kwa nywila", hajajibu swali.

Mifano miwili itawasaidia wajumbe wa bodi kuelewa. Nchini Finland, kampuni ya tiba ya kisaikolojia ya Vastaamo iliibiwa kumbukumbu za wateja wapatao 33,000. Mwezi Oktoba 2020 mwizi aliwaandikia wagonjwa mmojammoja akidai euro 200 za Bitcoin, la sivyo angeweka hadharani waliyomwambia mtaalamu wao. Kampuni ilifilisika, na mtu aliyehukumiwa mwaka 2024 alipewa kifungo cha miaka sita na miezi mitatu, lakini maneno yaliyokwisha kusambaa hayarudi. Mfano wa pili haukuhusu mwizi. Mwaka 2023, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliiamuru BetterHelp, kampuni ya tiba ya kisaikolojia kwa intaneti, kulipa dola milioni 7.8 baada ya kuituhumu kuwa iliwapa Facebook na kampuni nyingine taarifa za wateja kwa ajili ya matangazo, ilhali iliwaahidi faragha.

Kuna jambo zito zaidi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu bado kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha 226 kinakiuka Katiba, lakini huku kwetu mwanafunzi anayeandika katika simu kwamba alimeza vidonge juzi anaweka maandishi mahali asipopajua. Ninaamini kwa dhati kwamba hofu hiyo huwafanya wengi waandike "niko salama" wakati hawako salama.

Mnasihi wa Chuo

Ninawashukuru sana, na nimesoma kila neno zaidi ya mara moja. Wakili amefika penye hofu yangu yenyewe, kwa hiyo naomba niulize mara ya mwisho: katika tafiti hizo, mtu akiandika usiku kwamba anataka kufa, nani alikuwa akimjibu? Wakala aliniambia programu itaonyesha namba ya simu ya msaada. Niliijaribu kwa simu yangu, nikajibu kama mtu aliyekata tamaa, na namba iliyotokea ilikuwa ya nchi nyingine.

Mtafiti wa Afya ya Jamii

Hicho ulichokifanya kiandike katika maoni yako kama kilivyo.

Katika majaribio mengi watu wenye hatari kubwa ya kujiua huondolewa tangu mwanzo na kuelekezwa kwa daktari. Maana yake ni kwamba matokeo yale mazuri hayawahusu, na hakuna anayeweza kuyatumia kudai kuwa programu inawatosha. Wanaobaki hujaza dodoso mara kwa mara, mara nyingi kila wiki. Swali la tisa la PHQ-9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na katika mpango uliopangwa vizuri jibu lolote lisilo sifuri humfikia mtu aliyepangwa zamu, naye humpigia mshiriki. Zamu hiyo huandikwa kabla mshiriki wa kwanza hajaingia: nani anapokea, ndani ya saa ngapi, na anampeleka hospitali ipi. Mpango usiosimamiwa usiku huwaambia washiriki wazi, kwa maneno yasiyofichika, kwamba usiku hakuna anayesoma, na huwapa jina la mahali pa kwenda. Hapo kwenu, mazungumzo na hospitali ya rufaa ya mkoa yatangulie mazungumzo na kampuni yoyote.

Muuguzi wa Kilifi

Nami naongeza kwamba walinzi wa geti na walezi wa mabweni waingizwe katika mpango huo. Saa nane za usiku wao ndio walio macho.

Mnasihi wa Chuo

Nimeanza kuandika. Nitaiomba bodi isinunue programu mwaka huu, na badala yake iniruhusu kufanya majaribio ya muhula mmoja na wanafunzi 40 wenye dalili hafifu na za kati, tukitumia masomo sita mafupi ya sauti kwa Kiswahili. Nitayaandika pamoja na wanafunzi wenyewe ili tusirudie kosa la neno "mawazo". Kila mwanafunzi atachagua siku na saa yake ya kupigiwa simu kwa dakika kumi. Wanafunzi 40 ni kama saa saba kwa wiki kwa wanasihi wawili, na nimeshaweka hesabu hiyo katika aya ya kwanza, kwa ajili ya yule mjumbe aliyeuliza kuhusu nafasi ya mwenzangu. Dodoso litajazwa ofisini kwa karatasi, na majibu ya swali la tisa yatasomwa kabla mwanafunzi hajatoka mlangoni.

Muuguzi, kama ile karatasi yenu mliyoibadilisha bado ipo, ningeshukuru sana kuiona. Kesho asubuhi nina miadi na mganga mfawidhi wa hospitali ya mkoa.